Fedha ya Mtoto Maskini: Habari za Msaada wa Shule tangu Mwaka 1833

Mwaka wa jubilei ni mwaka wa kukumbuka, na tena ni mwaka wa kuhesabu. Katika sheria ya Waisraeli wa kale mwaka wa hamsini ulikuwa mwaka wa kumrudishia maskini shamba lililomtoka, ili watoto wake wasianze maisha nyuma ya wenzao. Kwa hiyo tumeona vema kuandika katika kitabu hiki, kando ya habari za makanisa yaliyojengwa na za waalimu waliotutangulia, habari ya jambo moja linalomkabili kila mwenye shule: fedha ikiletwa shuleni kwa ajili ya mtoto maskini, itumiwe namna gani hata imfae yeye hasa?

Mfano wetu tutautwaa Uingereza. Hatufanyi hivyo kwa kudhani ya kuwa huko mambo yote ni mema, maana tutaona kwamba walikosea mara nyingi. Twafanya hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, desturi ya serikali kuzisaidia kwa fedha shule za Kanisa, ambayo wazee wetu waliijua katika utawala wa Waingereza, ilianzia kwao huko. Ya pili, huko fedha imehesabiwa na habari zake zimeandikwa muda wa miaka mingi, hata mtu aweza kuona ilifika wapi na ilipotelea wapi.

I. Msaada uliomwendea mwenye nacho

Hapo mwanzo serikali ya Uingereza haikuwa na shule kwa watoto wa watu wa kawaida. Waliowafundisha walikuwa hasa watu wa Kanisa na wa vyama vya Wakristo. Mwaka 1811 Kanisa la Uingereza liliunda chama kilichoitwa National Society, na kusudi lake lilikuwa kuweka shule katika kila parokia. Wakristo wa madhehebu mengine nao walikuwa na chama chao, British and Foreign School Society. Hata mwaka 1833 Bunge lilikubali kwa mara ya kwanza kutoa pauni 20,000 kusaidia kujenga majumba ya shule, na fedha ile iligawiwa kwa mikono ya vyama hivyo viwili.

Lilikuwa jambo jema, walakini lilikuwa na sharti lake. Waliotaka msaada walipaswa kwanza kuchanga wenyewe nusu ya gharama za jengo. Kwa mtu wa kusikia tu, sharti hilo laonekana kuwa la haki, maana ni vema watu waoneshe nia yao. Lakini matokeo yake yalikuwaje? Parokia yenye wafanya biashara na wenye mashamba makubwa ilichanga upesi, ikapata. Parokia ya vibarua, wasio na akiba hata ya juma moja, haikuweza kuchanga, nayo haikupata. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Fedha iliyotolewa kwa ajili ya watoto wa maskini iliwafikia kwa urahisi zaidi wale waliokuwa na wa kuwasaidia tayari.

Hata ulipofika mwaka 1862 likatokea jambo lingine. Gharama za shule zilikuwa zimezidi sana, na Bwana Robert Lowe, aliyesimamia mambo ya elimu serikalini, alitaka kila shilingi ioneshe kazi yake. Ndipo ikatungwa kanuni mpya: shule italipwa kwa matokeo ya mtihani. Kwa mahudhurio shule ilipata shilingi 4 kwa mtoto kwa hesabu ya wastani. Tena kwa kila mtoto aliyehudhuria mara za kutosha na kufanya mtihani mbele ya mkaguzi ilipata shilingi 8. Lakini kila aliposhindwa katika kusoma, au kuandika, au hesabu, zilikatwa shilingi 2 na peni 8.

Na tumfikiri mtoto maskini katika kanuni hiyo. Wakati wa mavuno yuko shambani na wazazi wake, hivyo mahudhurio yake ni haba. Akija ana njaa, na kwao hakuna kitabu. Siku ya mkaguzi hushindwa. Basi mtoto yule aliyehitaji mwalimu kuliko wote ndiye aliyeletea shule shilingi chache kuliko wote, na mara nyingi mshahara wa mwalimu wake ulitegemea shilingi hizo. Waalimu wengi waliwakaririsha watoto kitabu kizima kwa moyo, hata wakakisoma mbele ya mkaguzi bila kujua maana yake. Mshairi Matthew Arnold, ambaye naye alikuwa mkaguzi wa shule, aliipinga kanuni hiyo tangu mwanzo; lakini ilidumu zaidi ya miaka thelathini, na haikuondolewa yote mpaka miaka ya mwisho ya karne ile.

II. Njaa yaonekana darasani

Wakati huo sheria nyingine zilikuwa zikiwaleta watoto wote shuleni. Mwaka 1870 iliamriwa kwamba mahali pasipo na shule za kutosha zijengwe kwa fedha ya kodi za mji. Mwaka 1880 wazazi walilazimishwa kuwapeleka watoto wao. Mwaka 1891 serikali ilikubali kulipa shilingi 10 kwa mwaka kwa kila mtoto, na kwa hiyo ada iliondolewa katika shule nyingi za msingi.

Hapo ndipo waalimu walipoona kwa macho yao yale yaliyokuwa yamefichwa majumbani. Watoto walikuja bila viatu katika baridi, wengine hawajala tangu jana yake. Katika mji wa Bradford, mji wa viwanda vya sufu, palikuwa na mwanamke aitwaye Margaret McMillan, aliyechaguliwa mwaka 1894 kuingia katika baraza la shule za mji. Yeye hakuchoka kusema kwamba kumfundisha mtoto mwenye njaa ni kupoteza kazi ya mwalimu na fedha ya mji pia. Vita vya Waingereza na Makaburu huko Afrika ya Kusini vilileta ushahidi mwingine, maana vijana wengi waliotaka kuwa askari walionekana kuwa dhaifu wa mwili, wakakataliwa.

Mwaka 1906 Bunge lilitoa sheria ya kuziruhusu serikali za miji kutumia kodi kuwapa watoto wa shule chakula. Mwaka uliofuata daktari wa shule za Bradford alifanya jaribio. Watoto wapatao arobaini walipewa chakula shuleni, naye akawapima uzito, akawapima na wenzao wasiopewa. Wale waliokula waliongezeka uzito kuliko wenzao. Na shule ilipofungwa kwa likizo, uzito wao ulipungua tena. Twawaomba wasomaji waliangalie jambo hili. Mtu yule hakusema tu kwamba chakula ni kizuri, bali alipima kabla ya kutoa na baada ya kutoa, na tena alikuwa na watoto wa kulinganisha nao. Bidii ya namna hiyo haikuonekana mara nyingi katika habari za fedha za shule kwa muda wa miaka mia iliyofuata.

Sheria ya mwaka 1906 iliruhusu tu, haikuamuru. Ilikuwa mpaka mwaka 1944 ndipo kila serikali ya mtaa ilipowajibishwa kutoa chakula cha mchana shuleni, na tangu mwaka 1946 watoto wote walipewa maziwa bure.

III. Fedha iliyopewa mahali, na fedha iliyopewa mtoto

Baada ya hayo watu walidhani kwamba tofauti zitakwisha zenyewe. Hazikwisha. Mwaka 1967 baraza lililoongozwa na Bibi Bridget Plowden lilitoa taarifa kubwa juu ya shule za msingi. Lilisema kwamba haitoshi kuzipa shule za maskini sawasawa na nyingine. Yapasa kuzipa zaidi, ili ziweze kufikia zile zilizotangulia. Serikali ilisikia, ikatoa fedha za majengo katika mitaa ya shida, na nyongeza ya mshahara kwa waalimu waliokubali kufanya kazi katika shule zenye taabu nyingi.

Shauri lilikuwa jema, lakini fedha ile ilipewa mahali, haikupewa mtoto. Wataalamu walipohesabu baadaye waliona kwamba katika mitaa iliyochaguliwa watoto wengi hawakuwa maskini sana, na ya kwamba watoto maskini walio wengi walikaa nje ya mitaa ile, wasipate kitu.

Kwa hiyo, mwezi wa Aprili mwaka 2011, ulianza mpango mwingine uitwao Pupil Premium, yaani Nyongeza ya Mwanafunzi. Shule hupata fedha ya kawaida kwa watoto wake wote; lakini kwa kila mtoto ambaye wakati wowote katika miaka sita iliyopita aliandikiwa chakula cha bure kwa sababu ya umaskini wa wazazi wake, hupata nyongeza. Kwa mtoto anayelelewa na serikali kwa kuwa hana wa kumlea, nyongeza ni kubwa zaidi. Mwaka wa kwanza haikufika pauni 500 kwa mtoto. Mwaka 2014 ilikuwa pauni 1,300 katika shule za msingi, na katika mwaka wa masomo wa 2024 hadi 2025 ilikuwa pauni 1,480.

Ilichukua karibu miaka 180 tangu pauni zile 20,000 za kwanza mpaka fedha ikatoka hazina na kumfuata mtoto maskini popote alipo.

IV. Shule huitumiaje fedha hiyo

Tuwaze shule ya msingi yenye watoto 200, na 50 kati yao wana haki ya nyongeza. Hesabu hiyo yakaribia hali ya shule nyingi za Uingereza siku hizi, maana robo ya watoto huko hula chakula cha bure. Kwa mwaka tuliotaja shule hiyo ilipata pauni 74,000 zaidi. Yaonekana kuwa mali nyingi, lakini haitoshi mishahara ya mwaka mmoja ya waalimu wawili wenye uzoefu. Basi yapasa kuchagua.

Kazi ya kwanza ni kuwapata watoto wenyewe. Mzazi asipojaza hati ya kuomba chakula cha bure, mtoto wake hahesabiwi, na shule hukosa nyongeza. Wazazi wengine huona haya kuandikwa kuwa maskini. Tena tangu mwaka 2014 watoto wote wa madarasa matatu ya kwanza hupewa chakula cha mchana bila malipo, hata wazazi wengine hawaoni sababu ya kujaza hati. Kwa hiyo mwalimu mkuu mwenye busara huwaeleza wazazi mapema, na karani wa shule huketi nao faraghani na kuwasaidia kuandika. Zamani watoto wa chakula cha bure walipewa tikiti za rangi nyingine, au walisimama katika mstari wao peke yao, na wengine waliona afadhali kushinda na njaa kuliko kuonekana. Siku hizi shule nyingi zimeacha tikiti, na mtoto hupita mezani bila mwenzake kujua nani amelipiwa.

Kazi ya pili ni kufundisha. Mpango ulipoanza, shule nyingi hazikufikiri sana. Wakaguzi waliokwenda kuangalia mwaka 2012 walikuta waalimu wakuu wengi wameichanganya fedha hiyo na nyingine, wakaziba nayo mapengo ya matumizi ya kawaida, wala hawakuweza kusema imembadili mtoto gani. Shule nyingi pia ziliajiri wasaidizi wa mwalimu ili wakae na watoto waliobaki nyuma. Walakini uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2009 ulikuwa umekwisha kuonesha jambo la kusikitisha: watoto waliokaa sana na msaidizi waliendelea polepole kuliko wenzao waliofanana nao. Sababu yake si uvivu wa wasaidizi, maana walikuwa watu wa bidii. Mtoto dhaifu aliondolewa mbele ya mwalimu aliyefundishwa kazi, akapewa mtu asiyefundishwa. Na msaidizi, kwa huruma yake, mara nyingi alimfanyia mtoto kazi ambayo mtoto alipaswa kuifikiri mwenyewe.

Mwaka 2011 palianzishwa shirika liitwalo Education Endowment Foundation, lililopewa na serikali pauni milioni 125 ili kupima njia mbalimbali za kufundisha na kutangaza zipi zafaa. Shauri lake kwa shule laweza kusemwa hivi: kwanza mfundisheni mwalimu, kisha wapeni msaada maalumu wale wanaouhitaji, kisha ondoeni vizuizi vya nje ya darasa.

Shule inayofuata shauri hilo hutumia sehemu ya kwanza ya fedha kuwafunza waalimu wake, kwa mfano namna ya kufundisha kusoma kwa sauti za herufi, mpaka kila darasa lifundishwe vizuri. Mtoto maskini hufaidiwa na jambo hili kuliko wote, kwa kuwa kwao hakuna wa kumlipia masomo ya jioni. Sehemu ya pili huenda kwa vikundi vidogo. Msaidizi yule yule, akiisha kufundishwa kazi maalumu, huchukua watoto watatu au wanne kwa nusu saa, siku baada ya siku, kwa majuma yaliyowekwa; kisha hupimwa, nao hurudi kwa mwalimu wao. Mpango mmoja wa kuwafundisha watoto wa miaka minne na mitano kusema na kusikiliza huchukua majuma 20, na watoto waliopimwa wameonekana kuwatangulia wenzao kwa miezi kadhaa. Hivyo msaidizi aliyeonekana kuwa hasara akawa faida, kwa sababu alipewa kazi aliyofundishwa.

Sehemu ya tatu hununua mambo madogo yenye nguvu: uji na mkate asubuhi kabla ya kengele, nguo ya shule kwa asiye nayo, nauli ya safari ya darasa, na mtu wa kwenda nyumbani kuuliza kwa upole kwa nini mtoto hakuonekana siku tatu.

Kila mwaka, kabla ya tarehe 31 Desemba, shule hutakiwa kutangaza hadharani ilipata kiasi gani, yatumiwaje, na mwaka uliopita yalizaa nini. Wajumbe wa baraza la shule huuliza maswali. Tena wajua kwamba si kila mtoto maskini amebaki nyuma. Wako wenye akili nyingi ambao shule huwasahau kwa kuwa wamefaulu mtihani, ijapokuwa wangeweza kufika mbali zaidi. Nao fedha hiyo ni yao pia.

V. Matunda yake

Je, imefaa? Tusiseme zaidi ya kweli. Katika miaka ya kwanza tofauti ya maskini na wengine mwisho wa shule ya msingi ilipungua kidogo kidogo. Halafu ukaja ugonjwa wa korona. Shule zilifungwa mwaka 2020, na mtoto asiye na chumba wala kompyuta alirudi nyuma kuliko wengine. Mwaka 2022 tofauti ilikuwa kubwa kuliko wakati wowote tangu 2012. Katika mitihani ya mwaka 2024, kati ya watoto 100 wa kundi la nyongeza, 46 walifikia kipimo katika kusoma, kuandika na hesabu pamoja. Katika watoto wengine walikuwa 67 kwa 100.

Kwa hiyo fedha peke yake haikufuta umaskini, wala shule haiwezi kuwa baba na mama na mwajiri wa wazazi. Lakini shule mbili zenye watoto wa hali moja na fedha sawa huzaa matunda mbalimbali, na hapo ndipo kazi ya mwalimu mkuu na baraza lake inapoonekana.

VI. Na sisi je?

Habari hizi zatugusa. Mwezi wa Oktoba mwaka 1925 serikali ya Tanganyika na wajumbe wa misioni walikutana Dar es Salaam kushauriana juu ya elimu, na sheria ya mwaka 1927 ikaweka taratibu za msaada kwa shule za misioni. Msaada ulizifuata shule zilizofikia kipimo cha serikali, zenye waalimu wenye vyeti. Shule za vijijini, zenye paa la nyasi na katekista aliyefundisha kusoma na kuandika kwa posho ndogo ya Kanisa, hazikupata. Twawashukuru waliojenga shule kubwa. Walakini katika jubilei yapasa kusema kweli, kwamba nasi pia tulipanda mti uleule wa mwaka 1833, na kivuli chake kiliwafikia kwanza waliokaa karibu.

Siku hizi mambo yamebadilika. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali za Tanzania hadi kidato cha nne, na fedha ya uendeshaji hutumwa shuleni kwa hesabu ya vichwa vya wanafunzi. Ni jambo kubwa, lakini kichwa cha mtoto aliyekula na cha asiyekula huhesabiwa kimoja kimoja. Tena kupitia mfuko wa TASAF kaya maskini hupewa fedha mkononi, na sehemu ya fedha hiyo hufungamana na mahudhurio ya watoto shuleni. Hapo fedha yaanza kumfuata mtoto. Parokia zetu nazo huchangia watoto wengine daftari, sare na ada.

Kwa hiyo twaziomba kamati za shule na za parokia zijiulize maneno matatu kabla ya kugawa hata shilingi elfu moja. Je, twamjua kwa jina kila mtoto anayehitaji, au twawajua wale tu ambao wazazi wao huthubutu kuja ofisini? Je, fedha hii itamfanya afundishwe vizuri zaidi, na tutajuaje? Je, ataipokea bila kutiwa alama mbele ya wenzake?

Waliotutangulia waliacha majumba ya mawe, nasi twayatunza. Sisi na tuache daftari la hesabu ambamo wajukuu wetu watasoma majina ya waliosaidiwa, na watu gani waliokuwa baadaye. Daftari hilo lifungwe kabatini kwa heshima ya wenyewe, lakini liwepo.